Niliua samaki wa shule kwa tafsiri mbovu, binti wa watu akabeba lawama

Wakuu, salaam kutoka Buffalo.

Huu uzi nimeuanza mara tatu nikaufuta. Kinachonirudisha nyuma si uvivu, ni aibu. Leo nimejitengenezea chai, watoto wako mazoezini, nimesema namaliza.

Yote nitakayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Chumvi sijatia. Nilipokosea nitasema nimekosea. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wapo na wengine tunaonana kila siku.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Mtanzania, mama wa watoto wawili. Niliingia Marekani kupitia Louisville kwa dada yangu, nikapaki maboksi warehouse mpaka mgongo ukagoma. Nikahamia Columbus, upande wa Clintonville, nikamtunza bibi mmoja wa Kizungu nyumbani kwake mpaka Mungu alipomchukua. Ndipo mtu wa kanisani akaniambia, Buffalo kuna shule zinatafuta watu wanaojua Kiswahili na Kiingereza.

Nikafunga mizigo.

Kazi yenyewe ni hii. Unakaa darasani na wanafunzi waliofika juzijuzi, wengi wao familia zao zimetoka Congo mashariki. Mwalimu anasema Kiingereza, wewe unawawekea kwa Kiswahili. Cheo chake kinaitwa aide, yaani msaidizi wa mwalimu. Wanafunzi wananiita Madame, Wamarekani wananiita Miss.

Wakuu, baada ya miaka ya maboksi, kuitwa Madame si jambo dogo. Nilikuwa naipenda ile kazi kuliko maelezo. Na nilikuwa naogopa kuipoteza kuliko maelezo. Hiyo hofu ishikeni, ndiyo chanzo cha kila kitu.

Sasa twende kwa samaki.

Shule yetu iko East Side. Ina somo la kilimo la kuchagua, na mwalimu wake nitamwita Mr. Nowak. Mzungu mrefu, ndevu za mvi, suruali ina mifuko kila mahali. Huyu bwana hana habari na kufundisha kwa ubao. Kwake mwanafunzi asipolowana mikono, hajasoma.

Mwaka ule akaja na mpya: ufugaji wa samaki.

Shule ilikuwa na karakana ya zamani ya kufundishia magari, imekaa bure. Mr. Nowak na wanafunzi wake wakaisafisha, wakaweka matenki matatu ya bluu, marefu mpaka kifuani. Pampu, mabomba, taa, na juu yake mifereji ya plastiki ambamo wanapanda saladi. Maji machafu ya samaki yanapanda kulisha saladi, saladi inayasafisha, yanarudi kwa samaki.

Mimi samaki nilikuwa namjua akiwa na limao pembeni. Nikapangiwa darasa hilo kwa sababu lilikuwa na Wacongo saba.

Siku vifaranga wa perege walipofika sitaisahau. Nje theluji, ndani ya karakana joto kama Tanga. Waliletwa ndani ya mifuko ya plastiki, nusu maji, nusu hewa. Wanafunzi wakataka kuwamwaga tenkini hapohapo. Mr. Nowak akasema hapana, laza mfuko juu ya maji, subiri joto la ndani na la nje lilingane, kisha fungua, waache watoke wenyewe.

Darasa zima, watoto wa miaka kumi na sita na kumi na saba ambao kwingine hawawezi kukaa kimya dakika moja, wakazunguka matenki wakasubiri.

Kati yao alikuwepo binti mmoja, nitamwita Espérance. Mwembamba, mpole, koti lake havui hata ndani. Alikuwa na mwaka na nusu tu Marekani. Kiingereza alikuwa anakipata haraka, hata nyumbani alikuwa ameanza kuwajibu wazazi kwa Kiingereza, lakini darasani alikuwa hafungui mdomo. Siku ile ndiyo nilimwona kwa mara ya kwanza anacheka peke yake, uso uko karibu kugusa maji.

Mr. Nowak akampa kazi ya kupima joto la maji kila siku. Akaishika kama sala. Anaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, anachora na mstari kwa rula.

Wiki zikaenda. Watoto wakajifunza kupima maji kwa vichupa vinavyobadilika rangi, kuhesabu chakula kabla ya kulisha, kusafisha chujio lenye uchafu unaonuka vibaya. Waafrika, Waburma, Wamarekani weusi, wote wananuka samaki sawa. Hakukuwa na wa kumcheka mwenzake.

Nami nikawa natafsiri. Au tuseme nilikuwa natafsiri ninachokielewa.

Hapa niwe mkweli. Kiingereza changu ni cha kazini na cha dukani. Mr. Nowak alikuwa anaongea haraka, maneno ya mabomba na kemikali. Nikikosa neno, natikisa kichwa, nasema "yes, okay", halafu nabuni. Mara nyingi nilipatia. Ndiyo maana sikuacha.

Basi Alhamisi moja Mr. Nowak akawa anaondoka kwenda kwenye mafunzo. Angemwachia darasa mwalimu wa zamu ambaye hajui samaki wala saladi. Akaniita kando, mkoba begani, akaniambia hivi:

"If the level drops, top it up with the conditioned water. It's in the back."

Nikatikisa kichwa. "Yes, okay."

Wakuu, mimi conditioner ninayoijua ni ya nywele. Na nyingine ni ile ya kwenye gari na nyumbani, ya kuleta ubaridi au joto. Nikapiga hesabu zangu: hawa samaki wanapenda joto, kutwa wanapimiwa joto, kwa hiyo anamaanisha maji yaliyotiwa joto. Na kule nyuma kweli kulikuwa na sinki lenye bomba la maji ya moto na ya baridi.

Pembeni ya sinki hilohilo kulikuwa na mapipa mawili yamefunikwa. Sikuwahi kujiuliza yana nini.

Dakika ishirini ndani ya kipindi, Espérance akaja. "Madame, maji imepunguka mu tenki mbili. Tufanye namna gani?"

Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua. "Mwalimu amesema muongeze. Tumieni bomba la nyuma, lakini changanyeni ya moto na ya baridi, yawe na joto sawa na ya tenkini."

Akaniangalia kidogo. Kisha akaenda.

Ile kazi aliifanya kwa uangalifu ambao mpaka leo ukinijia moyo unauma. Alichukua mpira wa maji, akashika kipimajoto kwenye mdomo wa mpira, akarekebisha moto, akarekebisha baridi, mpaka namba ikalingana na ya tenki. Ndipo akafungulia. Tenki la kwanza, la pili. La tatu mpira haukufika, na maji yake hayakuwa yamepungua sana, wakaliacha.

Kabla kengele haijalia, samaki wakaanza kupanda juu, midomo nje.

Nikawaambia wanafunzi, "Mmeona? Wamefurahia maji ya moto."

Nilisema hivyo wakuu. Kwa mdomo huu.

Kwa wasiojua, kama nilivyokuwa mimi: maji ya bomba ya mjini yanatiwa klorini ya kuua vijidudu. Sisi tunakunywa, tunaoga, hakuna shida. Samaki inamuunguza mashavu, pale anapopumulia. Anakosa hewa akiwa ndani ya maji. Kwa hiyo wafugaji wanayatia dawa ya kuondoa klorini kwanza. Hayo ndiyo conditioned water. Yalikuwa kwenye yale mapipa mawili.

Ijumaa asubuhi nikamkuta Mr. Nowak amesimama juu ya kiti, wavu mkononi, ndoo chini. Anachota, anaweka. Anachota, anaweka. Tenki la kwanza lote lilikuwa limekufa. La pili hivyohivyo. Vifaranga waliokuwa wameshafika ukubwa wa kidole gumba, tumbo juu.

Wanafunzi wakaingia, kelele zikakatika mlangoni.

Akashuka kitini. Akauliza taratibu, bila hasira, nani aliongeza maji jana.

Espérance akanyoosha mkono.

"From the tap?"

"Yes, Mister."

Mr. Nowak akafumba macho. Akasema, "Hili tulilizungumza wiki ya kwanza." Ni kweli alikuwa amelizungumza. Wiki ya kwanza mimi nilikuwa bado sijapangiwa darasa lile, na Espérance wiki ya kwanza alikuwa hajui Kiingereza cha kutosha.

Espérance aligeuza macho akanitazama.

Mimi nikatazama chini.

Nimeandika mstari huo hapo juu nikanyanyuka nikaenda kusimama dirishani. Nimerudi. Tuendelee.

Mr. Nowak hakumgombeza. Lakini watoto ni watoto. Kufika mchana wakawa wanamwita fish killer. Mwingine akachora samaki mwenye misalaba machoni akambandikia kwenye kabati lake. Jumatatu Espérance hakuja kwenye kipindi. Jumanne pia. Nikasikia anakwenda kukaa cafeteria peke yake, na koti lake.

Nilimpigia dada yangu Louisville nikamweleza. Akaniambia, "Nyamaza. Mtoto hafukuzwi shule kwa samaki. Wewe utafukuzwa kazi. Una watoto."

Ni ushauri wa mtu anayenipenda. Nikaushika. Siku tatu nikaenda kazini, nikatafsiri, nikarudi.

Jumanne hiyo baada ya kazi nikapita Grant Street kununua unga na dagaa. Nimesimama kwenye foleni, nasikia nyuma yangu, "Ah! Madame!"

Nikageuka. Baba yake Espérance. Nilikuwa namjua, niliwahi kumtafsiria kwenye kikao cha wazazi. Mtu wa makamo, fulana ya kazini ya rangi ya kuwaka bado iko mwilini, mkononi ana mfuko wa mihogo.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti sana kwa kunichungia mutoto. Ameniambia aliua samaki ya masomo. Mi juma ine, ile munaita Alhamisi, sina kazi, donc nitakuja kuomba mwalimu pardon. Tulikuwaka na samaki kwetu, karibu na Uvira. Najua uchungu yake."

Nikamuuliza, "Alikwambia ilikuwaje?"

"Alisema ni yeye aliweka maji mubaya. Basi."

Basi. Hakunitaja. Binti wa miaka kumi na sita, tangu Ijumaa anaitwa muuaji, hata kwa baba yake mzazi hakunitaja.

Wakuu, nililia palepale mbele ya magunia ya mchele. Mwenye duka akazima redio akidhani nimepata taarifa ya msiba.

"Baba Espérance, si yeye. Ni mimi. Mwalimu alinipa maneno, sikuyaelewa, nikaona aibu kuuliza. Nikamwambia mtoto vibaya. Yeye alifanya nilichomwambia."

Akasogea pembeni, akawapisha watu wawili kwenye foleni. Uso wake haukunionyesha kitu.

"Bon," akasema. "Mi sikasirike juu ya samaki. Samaki inakufaka. Hata mi niliishaka kuziua, étang muzima, bwawa yote, kwa kutojua. Lakini mutoto hakule muzuri, siku tano sasa."

Nikasema nisamehe. Akatikisa kichwa kukataa.

"Hapa mu duka haisaidie, Madame. Kule alipatia haya, ndjo kule useme."

Akachukua mihogo yake akatoka.

Kesho yake asubuhi niliingia karakana kabla ya kengele, nikamwambia Mr. Nowak naomba dakika tano mbele ya wanafunzi. Sikumwambia za nini, maana ningeanza kumweleza yeye peke yake, ningeishia hapohapo.

Nikasimama mbele yao. Kiingereza changu kilikimbia chote. Nikasema kwa kile kilichobaki: samaki nimewaua mimi. Mwalimu alisema neno, sikulijua, nikaogopa kusema sijui. Espérance alifanya kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote humu. Mliyemcheka siye. Nikarudia kwa Kiswahili.

Hakuna aliyecheka.

Nikamgeukia Mr. Nowak nikisubiri lile neno la kwenda ofisini.

Yule mzee akavua kofia, akajikuna kichwa. Akasema, "Nilikuachia neno gumu nikaondoka, sikukuuliza kama umelielewa. Nina miaka mingi kwenye ualimu. Hilo ni kosa langu pia."

Halafu akafungua kabati, akatoa karatasi kubwa nyeupe, akaipigilia ukutani kwa misumari. Akaandika juu kabisa: CONDITIONED WATER. Akanipa kalamu. Nikaandika chini yake: maji yaliyotolewa klorini. Mwanafunzi wa Kiburma akaja akaandika kwa maandishi yao. Likafuata neno la chujio, la mashavu, la hewa. Kipindi kizima tuliandika ukuta. Nikagundua maneno kumi na kitu ambayo nilikuwa nayabuni miezi yote ile. Na wanafunzi Wamarekani nao kumbe mengine walikuwa hawayajui.

Ofisini nilikwenda kweli, nilijipeleka mwenyewe. Nikaandikishwa maelezo, nikapewa onyo, nikabaki na kazi yangu. Namshukuru Mungu, na namshukuru Mr. Nowak, aliyekuja akakaa kiti cha pembeni yangu bila kuitwa.

Lakini bado Espérance.

Nikamfuata cafeteria. Yuko kona, mbele yake maziwa ya boksi hajayafungua. Nikakaa. Nikamwambia nimeshasema mbele ya wote, na sasa nakuomba msamaha wewe. Nilikuacha peke yako nikatazama chini.

Akanijibu kwa Kiingereza.

"I knew, Miss. You nod when you don't get it. My mom does it too."

Yaani alijua tangu siku ile aliponiangalia kabla ya kushika mpira wa maji. Alijua natikisa kichwa nikiwa sijaelewa, kwa sababu mama yake anafanya vilevile hospitalini, benki, kila mahali.

Nikamuuliza kwa nini hukuniuliza, basi? Kwa nini hukunitaja?

Akarudi kwenye Kiswahili chao. "Mama, wakimuuliza mbele ya batu, anaskiaka haya. Sikupenda uskie haya."

Kuskia haya, kwao, ni kuona aibu. Nilifungua lile boksi la maziwa nikamsogezea. Akanywa.

Akauliza, "Zile za tenki ya tatu, zinakula?"

Nikasema sijui, twende tukaangalie.

Tenki la tatu lilikuwa na samaki wakubwa, kama ishirini hivi, ambao Mr. Nowak alikuwa amewafuga nyumbani kwake tangu mwaka wa nyuma kwa majaribio. Ndio waliosalia. Pesa ya kununua vifaranga wengine shule ilisema hakuna mwaka ule. Mr. Nowak akawaambia wanafunzi ukweli kwamba pengine somo lingegeuka kuwa la saladi tu.

Kesho yake, Alhamisi, baba yake Espérance akaja kama alivyoahidi. Msamaha haukuhitajika tena, lakini alishaomba ruhusa mlangoni, akasema basi aone hao samaki. Shati limepigwa pasi, viatu vya kanisani.

Akaingia, akatazama matenki, akacheka kwa sauti. "Samaki mu pipa!"

Mr. Nowak akamwonyesha pampu, chujio, taa. Mzee anaitikia kwa heshima. Walipofika tenki la tatu, akasimama. Akainamisha kichwa, akaweka viganja pembeni ya macho kuzuia mwanga. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani ana tatizo.

Chini kabisa kwenye kona kulikuwa na samaki mmoja aliyejitenga. Siku kadhaa alikuwa hali, na Mr. Nowak alishasema anaonekana mgonjwa, atamtoa asije akaambukiza wenzake.

Mzee akaongea haraka, Kiswahili cha kwao kimechanganyika na Kifaransa. Nikafungua mdomo nitafsiri. Sikuelewa nusu.

Nikasema mbele ya wote, "Sijaelewa. Espérance, nisaidie."

Wakuu, hizo zilikuwa sentensi mbili nyepesi kuliko zote nilizowahi kuzisema kazini.

Espérance akasogea kati ya baba yake na mwalimu. Kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake imejaa chumba. Akasema kwa Kiingereza: "Anasema msimtoe. Haumwi. Angalieni kidevu chake, kimejaa. Ana mayai mdomoni. Hali kwa sababu akila atameza watoto wake."

Mr. Nowak akashika kingo za tenki. Alikuwa amelisoma hilo kitabuni, perege jike hutunza mayai mdomoni, lakini hakuwahi kuliona kwa macho. Akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, mzee akapiga magoti naye na suruali yake ya kanisani, wote wawili wanachungulia. Mr. Nowak akamuuliza, "Sasa tufanyeje?"

Wakamhamisha yule samaki taratibu kwenye tenki lake peke yake, maji ya kwenye pipa safari hii, mzee akielekeza, Espérance akitafsiri, wanafunzi wakibeba wavu kama wanabeba mtoto mchanga.

Zikapita siku. Watoto wakawa wanakuja kabla ya kengele kuangalia. Asubuhi moja nikasikia mayowe ya karakana nikiwa bado koridoni. Nimefika, naona kiwingu cha vitu vidogo kama punje za mtama vyenye macho, vinamzunguka mama yao. Mwanafunzi mmoja akasogeza mkono, wote wakakimbilia mdomoni mwa mama, wakapotea.

Yule aliyemchorea Espérance samaki wa misalaba alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Nimemwona kwa macho yangu.

Majike wengine wawili wakafuata. Mwaka wa masomo uliofuata matenki yote matatu yalikuwa yamejaa, na wanafunzi wapya wakafundishwa na wale wa zamani. Espérance akawa kiongozi wao. Ule ukuta wa maneno umefika karatasi ya tano, na wa kwanza kumpeleka mwanafunzi mpya mbele yake ni yeye.

Mwezi wa tano tukavuna. Wazazi wakaalikwa. Kuna atakayeuliza kama ugali ulikuwepo: ulikuwepo, pamoja na wali wa Kiburma na mkate wa mahindi wa mama mmoja wa mtaani. Baba yake Espérance ndiye alifundisha kuparua magamba na kutoa matumbo. Vijana waliozoea samaki wa boksi wakashika kisu, mwingine akatapika nje, akarudi akamaliza wake.

Mzee anakuja kila Alhamisi siku hizi, isipokuwa akipangiwa kazi. Hakuna aliyemwajiri. Anakuja tu. Mlinzi wa mlangoni hamwombi tena kitambulisho, anamuuliza samaki wanaendeleaje.

Siku ile ya mavuno, tunaosha meza, nilimwambia mzee kwamba Mungu ambariki kwa kutusaidia. Alikuwa anafuta kisu kwa gazeti. Akakifuta sana.

Akasema, "Madame, tangu tutoke kwetu, kila mutu ananionyesha. Pita huku. Weka saini hapa. Vaa hii. Niko na miaka makumi tano na moja, ninaonyeshwa kama mutoto. Huyu mwalimu ndjo mutu wa kwanza aliniuliza kitu."

Wakuu, mimi nimejifunza moja tu katika haya yote. Neno "sijaelewa" halijawahi kumuua mtu wala samaki. Kujifanya tunajua ndiko kunakoua, na mara nyingi anayelipa ni yule mdogo aliyetuamini. Msiwe na haya nalo, hasa sisi tulioko nchi za watu.

Na shukrani zangu ni kwa binti yule. Alinifichia aibu yangu wakati mimi nilimwacha na yake.

Jukwaa ni lenu. Wenye ujuzi wa samaki mnirekebishe nilipochapia kitaalamu. Ila nina swali kwa wengine wote: umewahi kumwacha mtu abebe lawama yako? Ulirudi ukasema, au bado?

Kama bado, na mtu huyo yupo hai, usinijibu mimi kwanza.